Maneno Yaliyofumbwa katika Nyimbo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama waliokutanika Soitsambu)



Kamati imetupa saa moja ya jioni hii ili tuseme juu ya lugha ya mafumbo katika nyimbo zipendwazo na watu. Twajua ya kuwa wako wenzetu walioliona jina la hotuba katika tangazo wakanung'unika, wakisema kwamba watumishi wa serikali wanayo mambo mengine ya kujadili, yaani posho, nyumba na uhamisho, wala si nyimbo. Manung'uniko hayo hatuyalaumu. Hata sisi twaipenda posho. Lakini twataka kuonyesha kwamba mtumishi akaaye kati ya watu, naye hazijui nyimbo zao, huandika nusu tu ya yale yasemwayo mbele yake. Nusu ile nyingine huipata baadaye, na mara nyingi huipata kwa hasara.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Fumbo latokana na kufumba, kama mtu afumbavyo macho au afumbavyo mkono. Kilichomo katika mkono uliofumbwa kimo, hakikutupwa. Ila hakionekani mpaka mwenyewe aufumbue, au mpaka mtazamaji ajue tangu zamani ni kitu gani kilichotiwa. Shuleni walimu walitukaririsha majina ya namna za usemi huu: tashbihi, ifananishayo kwa kutaja mithili na mfano wa; istiara, isemayo kitu hiki ndicho kile bila kuomba ruhusa; tashihisi, ikipayo kisicho mtu ulimi na moyo wa mtu; kinaya, isemayo kinyume; na tafsida, ilivikayo nguo neno lililo uchi. Hatutayapitia moja moja. Mgonjwa hakupona kwa kujua majina ya chupa zilizomo kabatini.

Yafaa zaidi kuuliza fumbo hufanya kazi gani, na jibu la kale tulijualo sote limo katika habari za Fumo Liyongo, shujaa wa upwa wa kaskazini, ambazo Muhamadi Kijuma wa Lamu alizitunga kuwa utenzi mwaka 1913. Husimuliwa ya kuwa Liyongo alipotiwa kifungoni Pate, mamaye alimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakala kilicho kizuri, wakamwachia makombo. Basi Liyongo akamwimbia Saada maneno ayapeleke nyumbani: mama afanye mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa wishwa wakacheka, wakaupitisha, kwa kuwa mlaji wa mkate mweupe hagusi wishwa. Kisha mfungwa akaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa kwake, na katika kishindo cha matari na pembe akakata pingu zake, wala hakuna aliyesikia sauti ya tupa.

Twaona katika habari hii kila sehemu ya jambo letu. Wimbo ulipita masikioni mwa walinzi bila kushikwa. Mkate ulipita mikononi mwao bila kushikwa. Na ngoma ilifunika kazi iliyokuwa ikitendeka chini yake. Huyo ndiye fumbo na jamaa zake wote. Wale walinzi wasidhaniwe kuwa wajinga. Walikuwa watumishi, kama sisi, waliokagua kila kitu kwa kadiri ya amri waliyopewa, na amri haikutaja wishwa.

Tuje Unguja. Taarabu iliingia katika jumba la Sultani kwa Kiarabu, na habari za wazee husema ya kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka mtu wake Misri akajifunze muziki huo. Mtu aliyeifanya izungumze Kiswahili na kuitoa barazani kwa wakubwa hata ikaingia mitaa ya Ng'ambo, alikuwa mwanamke wa shamba, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeuza vyungu kabla ya kuuza sauti. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walivuka bahari hata Bombay, wakatiwa katika sahani za santuri, na sahani hizo zikaenea pwani na bara. Alifariki mwaka 1950. Na Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa karani wa serikali, akaona inafaa kuuandika wasifu wake. Twalitaja hilo kwa ajili ya wale waliosema kwamba makarani hawana shughuli na nyimbo.

Katika nyimbo za Siti ziko za namna mbili, na kuzilinganisha kwafundisha. Uko ule wa muhogo wa Jang'ombe, ambao baadaye Bi Kidude aliuimba hata uzeeni, mpaka kufa kwake mwaka 2013. Asiyejua hudhani ni habari ya chakula na ya mtaa mmoja wa mji. Anayejua hutazama chini akitabasamu, kwa maana muhogo ule hauchimbwi shambani. Bi Kidude alikuwa pia fundi wa unyago, na katika unyago msichana hufundishwa mambo ya mwili na ndoa kwa njia hiyo hiyo: kwa mboga, kwa kinu na mchi, kwa chungu. Hakuna neno chafu lililosemwa, wala hakuna jambo la lazima lililosahauliwa.

Na uko wimbo wa Kijiti, ambao hautumii kitambaa chochote. Wahusu mwanamume aliyemwua mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, usiku wa pombe na starehe; mwuaji akavuka bahari akakimbilia bara, na wanawake waliofuatana na marehemu ndio waliotiwa hatiani kwa ajili ya ile pombe. Siti aliyaimba hayo waziwazi, jina la mtu kwa jina lake. Bila shaka faili la kesi ile liliandikwa kwa utaratibu, likapigwa mhuri, likawekwa mahali pake. Walakini watu hawakulisoma faili, waliusikia wimbo, nao wanausikia hata leo. Basi tusidhani kwamba mwimbaji hufumba kwa sababu hawezi kusema wazi. Hufumba anapoona kuna mtu wa kulindwa: ama mwenyewe, ama msikilizaji, ama haya ya watu wote waliomo nyumbani. Kwa Kijiti Siti hakuona mtu wa kulindwa.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya mipasho, kwa kuwa wengine hudhani kila fumbo ni tunda la hekima. Miaka ya 1990 huko Dar es Salaam, vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano vilishindana kwa taarabu ya kupashana, Khadija Kopa akiimba upande huu na Nasma Khamis upande ule, na watu wakajaa kumbini kama waendao mpirani. Mambo hayo hayakuwa mapya. Tangu zamani za beni, Marini na Arinoti walishindana kwa nyimbo za kukebehiana, na miongoni mwao walikuwamo makarani wengi wenye kofia na vyeo vya kujipachika. Lakini katika taarabu ya namna hii liko jambo la ajabu ambalo twapenda mlitazame. Mtunzi ametunga maneno yasiyotaja mtu. Mwimbaji anaimba bila kutazama mtu. Kisha mama mmoja anaondoka kitini, noti mkononi, akienda kumtunza mwimbaji katika ubeti fulani, na akipita mbele ya jirani yake anauzungusha mkono kidogo tu, au anauinua upindo wa kanga yenye maneno. Papo hapo wimbo umepata maana, na ukumbi wote umejua ni nani aliyepigwa. Nani alisema? Mtunzi hakusema, mwimbaji hakusema, na yule mama ametoa sadaka yake tu kwa muziki alioupenda. Aliyetukanwa hana pa kushtaki, wala hana pa kujibu. Kwa sababu hiyo sisi hatuwafuati wale wasifuo kila mafumbo. Kisu kilichofichwa katika kanga ni kisu.

Sasa twafika kwa Dakta Remmy Ongala, na hapa twaomba ruhusa ya kukawia.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, akapiga kwanza katika Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Alijua sana kutumia tashihisi. Katika wimbo wake wa Kifo, mauti huitwa na kuulizwa maswali kama mtu mbaya aliyeingia nyumbani bila hodi. Lakini wimbo tuutakao jioni hii ni Mambo kwa Soksi, wa mnamo 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati wa wimbo ule kila familia ilikuwa imekwisha kuzika, au imekwisha kusikia jirani akizika. Kinga ilijulikana. Jina la kinga halikutamkika. Mwalimu hakulitamka mbele ya wanafunzi, sheikh na padre hawakulitamka mbele ya waumini, na baba hakulitamka mbele ya mwanawe, hata ingawa alimwona akitoka jioni na kurudi alfajiri.

Remmy akasema: soksi. Fikirini jinsi neno hilo lilivyochaguliwa. Soksi ni kitu cha duka, kisicho na aibu. Mtoto hutumwa kuinunua. Soksi huvaliwa kabla ya kiatu, wala si baada yake. Soksi hukinga mguu na kile kilichomo ndani ya kiatu usichokiona. Huvuliwa na kutupwa ikiisha kazi. Mwanafunzi wa zahanati aweza kufundishwa kwa neno hilo moja mambo ambayo kwa maneno ya hospitali yangechukua nusu saa, na nusu ya wasikilizaji wangetoka nje kwa haya. Katika ukumbi wa dansi mama na mkwewe waweza kuusikia wimbo ule, kila mmoja akijifanya kwamba mwenziwe anafikiri habari za viatu.

Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Twaomba mtambue kichekesho kilichomo katika uamuzi huo, kwa maana ili kuikataa soksi hapana budi uwe umekwisha kuifahamu soksi. Mkaguzi ndiye aliyelifumbua fumbo kuliko wote. Ikiwa neno lilikuwa safi, lingepigwa. Na ikiwa lilikuwa chafu, uchafu ulitoka kichwani mwa msikilizaji, kwa kuwa katika maneno yenyewe hamkuwamo ila nguo ya mguu. Lakini wimbo haukuzuilika. Kaseti zilizunguka, kumbi zilijaa, na neno soksi likaingia katika Kiswahili cha watu. Remmy alifariki Desemba 2010. Hatuwezi kuhesabu ni watu wangapi waliovaa soksi kwa ajili yake. Twajua tu kwamba katika miaka ile maneno ya wazi yalikuwa yamefungwa mdomo, na fumbo likaenda mahali ambapo tangazo halikufika.

Baada ya Remmy tutakwenda upesi. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa Ndio Mzee, wimbo wa kinaya, ambamo mwimbaji hajisemi mwenyewe bali anajivika ngozi ya mgombea anayeahidi yasiyowezekana, na mkutano wamwitikia kwa jina la wimbo wenyewe. Wako waliocheka wakadhani ni mzaha wa vijana. Miaka 14 baadaye mwimbaji yule akachaguliwa kuwa Mbunge wa Mikumi, na twadhani hakuna mbunge aliyeingia katika kampeni akijua zaidi kuliko yeye jinsi ahadi isikikavyo masikioni mwa watu. Kisha Machi 2017 Nay wa Mitego akatoa Wapo, wimbo usiotaja majina lakini uliowafanya wengi wajitafute ndani yake. Mwimbaji akakamatwa, na wimbo ukapigwa marufuku na Baraza la Sanaa la Taifa. Kabla ya siku nyingi kupita Rais Magufuli akasema wimbo ni mzuri na upigwe, hata akataka uongezwe maneno. Mwimbaji akaachiwa, marufuku ikaondolewa. Maneno ya wimbo yalikuwa yale yale siku zote hizo, hata herufi moja haikuhamishwa; kilichobadilika ni msomaji. Twawaachia wanasheria jambo hilo. Sisi makarani latufundisha kwamba fumbo halina maana moja iliyofungiwa katika karatasi kama nambari ya faili.

Haya yote ni ya pwani na ya mjini, na wenzetu watasema: hapa Soitsambu tuna nini? Tunayo mengi. Hata jina la mahali petu huanza na jiwe, kwa kuwa soit kwa Kimasai ni jiwe. Wamasai hawapigi ngoma katika nyimbo zao. Koo la mtu ndilo ngoma, na juu ya mngurumo huo anasimama mmoja, olaranyani, akitupa maneno, na wenziwe wakiyadaka. Maneno yenyewe, mtu wa pwani akitafsiriwa, husema: mbona ni ng'ombe tu? Ni kweli ni ng'ombe, kama vile nyimbo za Unguja zilivyo jahazi na asumini na lulu. Kila watu hufumba kwa kitu kilichojaa machoni mwao. Bahari ikipewa mshairi wa Soitsambu haina kazi. Mpe mvua, mpe rangi za ng'ombe, pembe iliyopinda, ndama aliyefungwa kamba huku mamaye akikamuliwa, naye atakusemea habari za ndoa, za ujana, za serikali na za kufa. Hata katika muziki wa redio mlango huu umefunguliwa. Marehemu Abel Motika, aliyeitwa Mr. Ebbo, aliimba Mi Mmasai kwa Kiswahili cha Mmasai anayechekwa mjini. Watu wakacheka, na walipokwisha kucheka wakagundua kwamba mwenye kuchekwa ni yule aliyeacha mila zake, wala si yule mwenye rubega. Na X Plastaz wa Arusha waliutia uimbaji wa Kimasai ndani ya muziki wa kufokafoka.

Miaka michache iliyopita tulihudhuria mkutano wa hadhara katika kijiji kimoja cha wilaya hii, tusichokitaja. Alikuja mgeni mkubwa. Akina mama wakasimama wakaimba kwa shangwe, shanga zikilia, na mgeni akasimama naye akapiga makofi. Tulimwuliza mama mmoja mzee aliyekaa karibu nasi: "Yeyo, wimbo huu wahusu nini?" Akajibu: "Wahusu ng'ombe, mwanangu, yule mwenye kengele." Tukauliza: anafanya nini? Akasema: "Anatangulia. Kundi lamfuata kwa sauti ya kengele mpaka kisimani. Kisima kikavu." Tukauliza tena: na kengele yaendelea kulia? Akatutazama kwa huruma, akasema: "Wewe ni karani, nawe huijui kengele?"

Kijiji kile kilikuwa kimekwisha kuchanga fedha za mabomba, na maji hayakuja. Kumbukumbu za mkutano tulizisoma baadaye, ziliandikwa kwa mwandiko mzuri, nazo zilisema: "Wananchi walimpokea mgeni kwa nyimbo za furaha." Baada ya miezi minne ulipoitwa mkutano wa michango mingine, walikuja wazee sita. Ofisi husika ikastaajabu, ikaandika barua kuuliza sababu ya wananchi kupoteza mwamko. Sababu ilikuwa imekwisha kuelezwa, mbele ya mgeni, mchana kweupe, kwa sauti za wanawake 40, nayo ikapigiwa makofi.

Tutaulizwa: kwa nini wasiseme wazi? Sanduku la maoni lipo. Lipo, nasi tumeliona. Ufunguo wake hukaa na yule yule asemwaye. Mwanamke wa kijijini ambaye hana desturi ya kusimama mbele ya wazee na kutoa hoja, katika wimbo anayo desturi hiyo, na hakuna awezaye kumwambia aketi. Wimbo ni barua yake ya malalamiko, ila haina sahihi.

Kutokuwa na sahihi ni jambo kubwa, na kwa hilo twatofautiana na ndugu mmoja wa Kamati, mwenye moyo mwema, aliyependekeza kwamba watumishi waandike tafsiri za nyimbo zote za mikutanoni pamoja na majina ya viongozi wa waimbaji. Sivyo, ndugu yetu. Ukiandika jina umemfumbua mtu aliyejifumba kwa sababu, na umemkabidhi kwa walinzi pamoja na tupa yake. Hapo karani amekuwa mpelelezi, na mwaka ujao akina mama wataimba nyimbo za furaha kwelikweli, wala hutajua kitu. Iandikwe habari ya kisima: kwamba katika mkutano huu wananchi walionyesha, kwa njia ya desturi, kuwa hawaridhiki na mambo ya maji. Sentensi hiyo moja yatosha, haina jina la mtu, na mkuu aliye mbali akiisoma ataelewa. Iwapo wimbo ulikuwa wa ng'ombe kweli, kwa maana uko pia wimbo wa ng'ombe ambaye ni ng'ombe tu, mtumishi asiandike kitu. Atajuaje? Aulize, kama tulivyouliza; tena amwulize aliye mzee, na amwulize akiwa ameketi chini, si akiwa dirishani mwa gari.

Basi tumeiomba Kamati mambo mawili, nayo imekubali. Kwanza, kila Jumamosi ya pili mwanachama mmoja mwenyeji atatufundisha Kimasai kwa njia ya nyimbo, kuanzia saa kumi alasiri. Wageni wa wilaya, yaani wengi wetu, wasikose. Pili, limenunuliwa daftari moja la kuandikia mafumbo yasikikayo arusini, mnadani na kwenye simu za vijana, bila jina la mwimbaji wala la kijiji. Liko kwa Bwana Mweka Hazina, ambaye ameomba lisitumike kukokotolea hesabu za mikopo.

Sasa twaketi ili tupokee maswali. Twapenda Bibi Muuguzi wa zahanati aanze, kwa kuwa aliinua mkono wake zamani, tulipokuwa bado katika soksi.